Majok Upande wa Pili wa Shuka

Lodwar, Jumatatu, 3 Juni 2024

Wifi yangu Amou,

Nimefika salama. Abdow anaendesha vizuri, ila njia nzima alikuwa ananicheka. "Mama, unalia nini? Lodwar si Ulaya." Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu mpaka kiunoni. Nilidhani nimeshamwachisha Adhar kunyonya, kumbe mwili haujaambiwa.

Simu yetu ni moja, na ndiyo kamera yangu, kwa hiyo tutaandikiana. Abdow anapita hapa kila wiki kuchukua mizigo ya duka, mpe yeye barua. Najua wewe hukuingia darasani. Mwombe jirani yetu Elyse akuandikie. Yeye ni Mkongo, Kidinka hasikii, basi mwambie kwa Kiswahili pole pole.

Nyumba ya mwalimu Nimco iko nyuma ya soko. Nilipoingia niliona mbuzi wa mabati, ngozi zilizochomwa michoro kwa chuma cha moto, picha za rangi, na kwenye kona skrini ya filamu. Nikadhani humu wanaishi mafundi watano. Kumbe ni yeye peke yake! Nikamwuliza, mwalimu, sasa kazi yako hasa ni ipi? Akasema, "Kuangalia. Mikono inafuata baadaye."

Tuko wanafunzi wanne. Jumamosi ya tarehe 27 Julai filamu zetu zitaonyeshwa ukumbini, mbele ya watu. Mmoja wetu atapata kazi ya kumsaidia mwalimu, kazi ya kweli ya kila mwezi. Wifi, unajua mimi nimefika darasa la saba tu. Naitaka sana hiyo kazi.

Mimi natumia milaya, hayo mashuka yetu ya kutarizi. Nashona nyuzi mbili, napiga picha. Nashona mbili nyingine, napiga tena. Ukizipitisha picha haraka, kile ulichoshona kinatembea. Siku nzima inazaa sekunde tatu. Nimeanza na Majok.

Adhar anakohoa bado? Anakula? Weka mkono wake juu ya karatasi, Elyse auzungushie kalamu. Nataka mkono wake kwa kila barua.

Wako,
Anyieth


Kakuma, 9 Juni 2024

Mama Adhar, jambo sana.

Ni mimi Elyse niko naandika, lakini maneno ni ya wifi yako. Yakiwa yangu nitakuambia.

Amou anasema Adhar anakula. Kikohozi kimebaki kidogo cha asubuhi. Siku mbili za kwanza alikuwa anakwenda kufungua mlango wa choo kukutafuta, sasa ameacha. Anasema usilie.

Anasema pia: Majok usimshone. Shona kuku. Kuku hana ukoo.

Hapa mimi Elyse nikaweka kalamu chini nikauliza, huyu ng'ombe ana nini? Akanieleza yote, usimkasirikie. Sasa najua ya kwamba kwenu kijana akipewa maksai wake anaitwa kwa rangi ya huyo maksai, anamwimbia, anampinda pembe, na watu wa kwao wakiona ile rangi na zile pembe ni kama wamemwona mwenyewe. Najua Majok, mweusi mwenye kifua cheupe, alikuwa wa marehemu mume wako Dut. Najua ya kwamba Dut alipofariki kule Juba, kaka yake Kuot alituma neno urudi, akuchukue wewe, na mtoto akue kwa jina la marehemu katika ukoo. Ndiyo maana mlihama block na kutupa laini ya simu. Na mimi nilidhani mlikimbia maji ya laga, ule mto mkavu ukifurika!

Amou anasema: "Kuot ni kaka yangu wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyemficha mke wa ndugu yetu. Akijua, atakuja. Mwambie Anyieth ashone kuku."

Mkono wa Adhar ni huu hapa chini. Haukutulia. Vidole viwili vya mwisho alivikaza pamoja, kalamu ikakosa kupita katikati.

Amou (kidole gumba chake)
na Elyse


Lodwar, 17 Juni 2024

Wifi yangu,

Mkono nimeubandika ukutani juu ya godoro. Vidole viwili vilivyoshikana! Hata akinyonya alikuwa anavikaza hivyo kifuani kwangu, kama mtu aliyeficha peremende.

Kuku nimejaribu. Nimeshona kuku siku mbili. Anatembea kama kuku, basi. Mwalimu akaangalia, akaniuliza, "Huyu unamfahamu?" Nikasema hapana. "Basi mrudishe yule unayemfahamu."

Nisikilize kabla hujakasirika. Uso wangu haumo kwenye filamu. Jina langu halimo. Kuna vidole na sindano tu, na mwalimu ameniahidi kwa mdomo wake. Nani atajua?

Na Adhar atamjua babake kwa kitu gani? Picha hatuna. Mimi nimezaliwa hapa kambini, kwenye zizi la ng'ombe sijawahi kulala. Majok mwenyewe sikumwona hata siku moja. Namjua kwa mikono ya Dut. Tulikuwa tunasimama uani, ananitazama, anainua mikono kama pembe, mmoja mbele, mmoja nyuma, anacheza, na mimi namfuata huku nacheka. Nikitaka kushona pembe nainua mikono yangu mwenyewe, nakumbuka. Hiyo ndiyo picha niliyo nayo.

Wiki iliyopita mwalimu alitupeleka Ferguson's Gulf, kule Ziwa Turkana, kuangalia maji. Wenyewe wanavua, na ng'ombe wa Waturkana wanaingia ziwani mpaka magotini. Niliporudi nikatoa uzi wa buluu. Sasa Majok anaanzia ndani ya maji, mgongo kwanza, halafu kifua, halafu anatoka, anatembea kwenda kulia. Wenzangu wote darasani waliacha kazi zao wakaja kuangalia.

Sitaki kukudharau, wifi. Lakini nimeshamshona.

Hapa asubuhi majirani wananisalimu kwa Kiturkana, "Ejok!" na mimi najibu "Ejok noi" kama mwenyeji. Mfundishe Adhar, akija anisalimie hivyo.

Wako,
Anyieth


Lodwar, 2 Julai 2024

Wifi,

Wiki mbili hamjaniandikia. Abdow anasema alipita hapo, akaambiwa barua haiko tayari. Haiko tayari kwa nini? Barua si mkate.

Nina jambo la kukuambia. Mwalimu aliweka kipande cha nusu dakika kwenye mtandao ili watu wajue siku ya maonyesho. Ni kile cha Majok kutoka majini. Hakukosea, niliitikia mwenyewe, nilikuwa na furaha. Watu wengi wamekiangalia, mpaka wa Juba, mpaka wa Australia. Wanaandika, kazi nzuri, hongera. Jana nikaona mmoja ameandika neno moja tu: "Majok." Hana picha, hana jina, tarakimu tupu.

Nikamwambia mwalimu akifute. Amekifuta hapo hapo, hakuuliza mara mbili. Lakini kilichoonwa kimeonwa.

Niandikie hata mstari mmoja. Na mkono.

Anyieth


Kakuma, 8 Julai 2024

Mama Adhar,

Sisi wote wazima. Barua ilichelewa kwa sababu Amou alikuwa na hasira ya Majok. Amou anakusalimu mingi. Adhar anakula, anacheza, kikohozi kimekwisha. Mgao umetoka, mahindi si mabaya. Hakuna mtu aliyekuja. Wewe fanya kazi yako, usifikiri ya huku mpaka tarehe 27 ipite.

Mkono wa mtoto ni huu hapa.

Amou
na Elyse


Lodwar, 11 Julai 2024

Elyse,

Hii barua ni yako, usimsomee wifi kwanza.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kuangalia nimefundishwa, na nilianza kabla ya kufundishwa. Mkono mliouchora si wa Adhar. Umefunguka vidole vyote vitano vizuri kama mkono kwenye kitabu cha nasari. Mtoto wangu hajawahi kuvifungua vile viwili vya mwisho mtu akimshika. Nimeweka karatasi mbili pamoja kwenye dirisha, jua likapita. Hata kiganja si chake.

Tena mmeandika "hakuna mtu aliyekuja." Sikuwa nimeuliza kama kuna mtu amekuja.

Mwanangu yuko wapi?

Kama amekufa niambie. Kama amechukuliwa niambie amepita njia gani. Sijashika sindano tangu jana. Abdow nimemwomba asilale Lodwar, ageuze leo leo. Mpe jibu mkononi.

Mama Adhar


Kakuma, 13 Julai 2024

Mama Adhar, nisamehe.

Mtoto yuko hai na mzima. Naliandika hilo kwanza. Ule mkono ni wa binti yangu wa mwisho. Nilimwambia Amou, huyu mama atajua, akasema andika.

Kuot alikuja tarehe 4. Alipanda malori kutoka Juba mpaka mpakani, halafu akauliza kambi nzima kwa mwanamke anayeshona Majok. Mtu mrefu, amekonda, viatu vya matairi. Amou alimwona kutoka mbali akipita msikitini kwa Wasomali, akamtupa Adhar mikononi mwangu juu ya ua. "Chukua! Nenda!" Nikampeleka Kalobeyei kwa dada yangu, huko ndiko yuko. Anakula ugali wa muhogo sasa, utamlaumu nani.

Kuot anakuja kila asubuhi, anakaa kivulini mlangoni mwa dada yake Amou. Chai anakunywa. Aliuliza mara moja tu, "Mtoto wa Dut yuko wapi?" Amou akasema, amekwenda na mamake. Tangu hapo amenyamaza. Siku tisa, mama! Mimi nikipita na ndoo ananiangalia mpaka nasahau kama ndoo ina maji.

Amou alinikataza kukuambia. Alisema: "Akijua atatupa ile filamu na kukimbia huku, na Kuot atakuwa amewapata wote wawili mahali pamoja. Acha amalize. Angalau mmoja wetu apate kitu." Usimkasirikie. Halali. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Sijui huyu mtu anangoja nini. Hilo ndilo linaniogopesha.

Elyse


Lodwar, 16 Julai 2024

Kwa shemeji Kuot, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu.

Elyse atasoma kwa Kiswahili, na dada yako Amou atakuambia kwa Kidinka. Naomba asipunguze neno.

Nakusalimu kwa heshima. Sikukujibu ulipotuma neno, na nilihama bila kuaga. Kosa hilo ni langu, si la Amou. Niliogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na mtoto wa miezi miwili, na mimi nilitaka kubaki mke wa Dut tu, hata kama hayupo.

Kama ni Majok aliyekuleta, nitamfumua. Uzi wote, kuanzia mkia. Ni siku moja tu ya kazi kufumua kile nilichoshona siku arobaini. Sitapeleka kitu ukumbini tarehe 27. Mwalimu bado sijamwambia, ila nitamwambia.

Lakini mtoto usimchukue. Nakuomba kwa jina la huyo huyo ng'ombe. Adhar bado anatafuta titi langu usingizini.

Naanza kufumua Jumamosi abiria wa Abdow wakifika na jibu lako. Nisipopata jibu, naanza vile vile.

Anyieth, mke wa Dut


Kakuma, 19 Julai 2024

Mama Adhar,

Kuot anasema, Amou anageuza, mimi naandika. Pale Amou anapolia nangoja.

"Mke wa ndugu yangu. Sikuja na kamba. Mtu anayekuja kuchukua huja na kamba, uliza dada yangu kama ameiona.

"Dut alipoondoka nyumbani kuja kambini aliniachia Majok. Mafuriko yalipoingia zizini nilikata kamba za ng'ombe wote. Ya Majok haikukatika. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, fundo mbili, kwa sababu alikuwa mtembezi. Maji yakamfika mgongoni, halafu nikaona pembe tu.

"Dut alikuwa ananipigia simu, anauliza, Majok vipi? Nikasema amenenepa. Kila mara, amenenepa. Akafa hajui. Hakuna mtu niliyemwambia.

"Halafu kijana mmoja Juba akanionyesha simu. Majok anatoka majini. Mgongo kwanza, halafu kifua. Nikasema, yule mwanamke anajua. Dut amemwambia kutoka huko aliko, na sasa ananiaibisha mbele ya dunia nzima. Nikaandikisha jina lake pale, Majok, ili ujue nimesikia. Nikaja. Nimekaa mlangoni nikingoja dada yangu anitukane. Kila siku ananipa chai.

"Nani alikuambia habari ya maji?"

Mama Adhar, hapo Amou alishindwa kugeuza. Alikwenda nje. Mimi nilibaki na huyu mtu mrefu hatujui lugha ya kusemezana, nikamwongezea sukari.

Aliporudi, Kuot akamalizia: "Usimfumue. Ila pembe umekosea. Majok pembe yake ya kushoto ndiyo iliyokwenda mbele. Wewe umeweka ya kulia. Nilimpinda mimi mwenyewe kwa mkono wangu nikiwa na Dut, nitasahau?"

Adhar tumemrudisha leo. Kuot hakumgusa. Alimtazama akila, akasema neno moja. Nikamwuliza Amou amesema nini. Amesema, "Masikio ya Dut."

Elyse
na kidole cha Amou, na cha Kuot


Lodwar, 22 Julai 2024

Shemeji Kuot, wifi Amou, Elyse,

Nimesoma barua mara nne, mara ya tano nikamsomea mwalimu Nimco.

Shemeji, hakuna mtu aliyeniambia. Niliona ng'ombe ziwani, nikatoa uzi wa buluu. Ni hivyo tu. Wewe ulinikimbilia ukidhani nakushtaki, na mimi nilikuwa nakukimbia nikidhani unakuja kuninyang'anya. Majok wa watu, amebeba mengi.

Kuhusu pembe, nimekaa nikaishangaa mikono yangu. Dut alikuwa ananitazama akicheza. Mkono wake wa kushoto ukienda mbele, mimi niliyesimama mbele yake nikapeleka wa kulia, kama kwenye kioo. Hivyo ndivyo nilivyomjifunza, kinyume. Picha zangu zimepita elfu moja na siku zimebaki tano. Kurekebisha siwezi.

Lakini jana nilitoa milaya kuikunja, nikaigeuza. Upande wa nyuma, ule wa mafundo na nyuzi zinazoning'inia, Majok anatembea kwenda kushoto na pembe ya kushoto iko mbele. Nikamwita mwalimu. Akaangalia, halafu akasema filamu zitaonyeshwa juu ya shuka jepesi, si juu ya ukuta, na kwamba viti viwekwe pande zote mbili.

Njooni. Mwalimu ameandika mwaliko, upelekeni ofisi ya kambi mwombe ruhusa ya kutoka ya Amou na Adhar ya siku tatu. Abdow atawabeba, ameapa hatawacheka.

Shemeji, bado naogopa. Nakuambia ukweli. Mambo ya mimi na ukoo tuyazungumze Amou akiwepo, siku nyingine, si mbele ya mtoto. Siku hiyo njoo umwone ng'ombe wako tu.

Anyieth


Lodwar, Jumapili, 28 Julai 2024

Elyse rafiki yangu,

Wewe umebaki na watoto wako, kwa hiyo nakuandikia yote.

Ukumbi ulijaa saa tisa mchana. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, joto lile hata mashetani wangeomba maji. Filamu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mimi naangalia mlango. Upande wa nyuma wa shuka mwalimu alikuwa ameweka viti vinne, vyote vitupu, na watu wanaulizana ni vya mheshimiwa gani. Ya tatu ikaanza. Nikasema ruhusa imekataliwa. Nikasema Kuot amebadilisha nia, amepita mpakani na mwanangu. Nilishasimama niondoke, Elyse, niache filamu na kila kitu, niliposikia honi ya Abdow nje. Honi ndefu kama ya harusi.

Amou akaingia kwanza, ana vumbi mpaka kope. Halafu Kuot ameinama mlangoni. Adhar alikuwa mgongoni mwa Amou. Aliniona. Hakukimbia. Alinitazama kama mtu anayekumbuka jina, halafu akasema, "Ejok." Nikamchukua, na nilichojibu sikijui.

Tulikaa nyuma ya shuka, sisi wanne. Watu wote walikuwa upande wa pili, tuliwaona kama vivuli. Taa zikazimwa. Majok akatoka majini, mgongo, kifua, pembe ya kushoto mbele, anakwenda kushoto pole pole na nyuzi zake. Kuot aliinua mikono. Hakucheza, aliiinua tu, mmoja mbele, mmoja nyuma, akaiweka hivyo mpaka mwisho. Nikatambua nimekaa upande ambao Dut alikuwa anasimama. Miaka yote nilikuwa namwona kutoka upande mwingine.

Upande wa mbele walipiga makofi. Mwalimu amesema nirudi Kakuma nifungue darasa la milaya na simu, yeye atakuja kila mwezi, na kazi ni yangu. Nimeitikia.

Kuot amesafiri leo asubuhi. Alimwambia Amou, "Mtoto akae na mamake. Wazee wakiniuliza, nitasema nimemwona anakula." Kunihusu mimi hakusema kitu, na sijui kama yameisha. Aliomba karatasi. Alikuwa amesikia habari ya mikono.

Basi hapa chini kuna miwili. Mkubwa ni wake, kalamu ilizunguka bila shida. Mdogo nimeuchora mwenyewe. Umekwenda upande, wino umemwagika, na pale kwenye vidole viwili vya mwisho kalamu imekataa kupita.

Ni yeye.

Mama Adhar